Dhana potofu kuhusu kivinjari kinachogoma kwenye kompyuta ya zamani

Kivinjari kinapogoma kusakinishwa au kusasishwa kwenye kompyuta ya zamani, lawama ya kwanza huangukia umri wa mashine: imechoka, haina nguvu, itafutwe nyingine. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Mara nyingi kinachokataa ni mfumo endeshi (kama Windows au macOS), saa ya kompyuta au faili iliyopakuliwa, na kila kimoja huacha dalili zake kwa anayejua pa kuangalia.

Tuanze na hilo la nguvu. Tangu toleo la 89, lililotoka mwaka 2021, Chrome kwenye kompyuta za aina ya Intel na AMD hudai kichakataji chenye maagizo yaitwayo SSE3, ambayo Intel ilianza kuyaweka kwenye vichakataji vyake mwaka 2004. Kompyuta ya mwaka 2009 inatimiza sharti hilo bila taabu. Kumbukumbu ndogo, tuseme GB 2, itazifanya kurasa zijikokote, hasa vichupo vikiwa vingi, lakini kujikokota ni jambo moja na kukataa kusakinishwa ni jambo jingine. Kinachofunga mlango ni toleo la mfumo endeshi. Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1; kuanzia toleo la 110, Windows 10 au zaidi inahitajika. Kwa Firefox, toleo la mwisho kwa mifumo hiyo ni 115, ambalo Mozilla, mtengenezaji wake, iliendelea kulitolea marekebisho ya usalama kupitia tawi lake la ESR, yaani la matoleo yanayotunzwa muda mrefu, kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa awali. Wenye Mac hawakusalimika, kwani macOS 10.13 na 10.14 ziliishia Chrome 116. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha usome toleo linalotajwa. Hatua hiyo ya sekunde chache humwondolea mtu mchana mzima wa kubahatisha.

Wengine, wakishaambiwa kwamba mfumo wao hauauniwi tena, hukimbilia hali ya upatanifu (compatibility mode), wakiamini kwamba kisakinishi kikidanganywa kuhusu toleo la Windows kitakubali yaishe. Huenda kikakubali kweli kuanza, lakini kivinjari chenyewe kikifunguliwa kitaita huduma za mfumo ambazo Windows 7 haina, na kitaanguka papo hapo. Jina la mfumo likibadilishwa, uwezo wake hauongezeki.

Ujumbe unaosema kwamba faili "si programu halali ya Win32" nao huzua hofu ya virusi. Kwa kawaida chanzo chake ni kimojawapo kati ya viwili: ama faili ilikatika kabla ya kumaliza kupakuliwa, ama imetengenezwa kwa ajili ya mfumo wa biti 64 ilhali kompyuta inaendesha mfumo wa biti 32. Fungua sifa za kompyuta na usome mstari wa aina ya mfumo kwa makini, kwa sababu mstari huo hutaja mambo mawili tofauti. Si ajabu kukuta kichakataji cha biti 64 kimewekewa Windows ya biti 32, na hapo kinachofuatwa ni Windows.

Dhana inayowapotosha watu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya kudhani kwamba saa ya kompyuta ni pambo la pembeni mwa skrini. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kwenye bodi mama kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032, ambayo hulinda saa umeme unapokatwa. Betri hiyo ikifa, kila mara kompyuta inapochomolewa saa hurudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya leo huonekana kama havijaanza kutumika. Mwenye kompyuta huona onyo la usalama kwenye kila tovuti, kisasisho hushindwa kuwasiliana na seva, naye huulaumu mtandao. Rekebisha tarehe, mwaka na majira ya saa, kisha ujaribu tena. Tatizo likirudi kesho yake, badilisha betri. Yapo pia mazingira ambamo saa ni sahihi na onyo bado linatokea. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda wake cheti mama cha DST Root CA X3, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi mno zenye vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, na vifaa ambavyo orodha yake ya vyeti haikuwa imesasishwa vikaanza kukataa tovuti zisizo na kasoro yoyote. Firefox huja na orodha yake yenyewe, ndiyo maana wakati mwingine hufungua tovuti ambayo kivinjari kingine kwenye kompyuta hiyo hiyo kimeikataa.

Usakinishaji ukikwama katikati, intaneti ya polepole husingiziwa. Faili ambayo watu hupakua kwa kawaida ni ndogo sana, na kazi yake ni kwenda kuchukua sehemu iliyobaki kwenye seva. Windows 7 isiyo na masasisho inaweza kushindwa hapo, kwa kuwa baadhi ya njia zake za mawasiliano hazitumii TLS 1.2, utaratibu wa kusimba mawasiliano ya mtandao, bila kuwezeshwa, na bila masasisho ya mwaka 2019 haina msaada kamili wa saini za SHA-2, zinazothibitisha kwamba faili imetoka kwa mtengenezaji wake. Dawa ni kupakua kisakinishi kamili, kile kisichohitaji intaneti, kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe kwa kutumia kompyuta nyingine, na kukihamisha kwa flashi. Tovuti za watu wengine zinazogawa "toleo maalumu" ziachwe.

Ushauri wa kufuta kwanza kivinjari cha zamani nao ni wa haraka mno: kipya kikikataa, utapakulia wapi? Alamisho na nywila hukaa kwenye wasifu, yaani folda ya data za mtumiaji, na Firefox ikiondolewa kwa njia ya kawaida huuacha wasifu huo ulipo. Chrome huuliza kwa kisanduku cha kuweka alama, kwa hiyo soma kabla ya kubofya. Anayerudi kwenye Firefox ya zamani anaweza kukuta alamisho hazionekani. Tangu toleo la 67, Firefox hukataa kutumia wasifu uliokwisha kufunguliwa na toleo jipya zaidi, na hupendekeza kuunda mwingine. Wasifu wa awali bado umo kwenye diski.

Mwisho kuna wanaosema kwamba maadamu kurasa zinafunguka, toleo la zamani halina neno. Mianya ya usalama hutangazwa hadharani baada ya kuzibwa katika matoleo mapya, na aliyebaki nyuma hubaki na mianya ambayo kila mtu anaijua. Asiyeweza kupandisha Windows anaweza kuweka Linux nyepesi, mfumo endeshi mwingine ulio huru, ila achague ya biti 64 iwapo kichakataji kinaruhusu, kwa kuwa Chrome iliacha kutengenezwa kwa ajili ya Linux ya biti 32 mnamo Machi 2016.