Malkia wa kasino si mzungu wa pili

Binamu yangu wa Majengo, Moshi, ni bingwa wa albastini, ule mchezo wa karata wa kijiweni. Kijiweni kwao, ukimwona amenyamaza ghafla, ujue ameshika ree (ile karata yenye A) na saba ya turufu. Siku moja alikuja Arusha, tukaingia kasino moja ya mjini, akakaa kwenye meza ya poka ya karata tatu. Mkono wa kwanza alipata malkia, tisa na tano. Akazitupa. "Malkia ana mbili tu," akaninong'oneza, kana kwamba ananifundisha mimi.

Zile karata zilifaa kuchezwa, si kutupwa. Dhana ya kwanza ndiyo hiyo: kwamba anayejua karata za kijiweni anajua karata zote. Katika albastini malkia ni mzungu wa pili, yaani ana pointi mbili, jeki wa tatu, mfalme wa nne, na saba ina pointi kumi nzima. Kwenye poka, saba ni saba tu. Malkia anamzidi jeki, mfalme anamzidi malkia, ree iko juu yao wote, na turufu haipo.

Hata aliyezoea poka ya karata tano hukwama hapa. Kwenye karata tatu, mfululizo kama nane, tisa na kumi unashinda karata tatu za aina moja, tuseme kopa tupu. Ni suala la hesabu. Pakiti ya karata 52 inatoa mikono 22,100 ya karata tatu. Humo mfululizo umo mara 720 na aina moja mara 1,096. Kilicho adimu ndicho kinachopewa cheo.

Dhana inayomaliza watu hela ni hii nyingine: "Ni michezo miwili kwa mpigo, basi nafasi za kushinda ni mara mbili." Ni kweli kwamba ni michezo miwili. Derek Webb aliibuni poka hii ya karata tatu mwaka 1994, na mezani utaona sehemu tatu zimeandikwa Ante, Play na Pair Plus. Ante na Play ni ugomvi wako na mgawaji: unaweka Ante, unachungulia karata zako, kisha ama unazitupa na Ante inaliwa, ama unaongeza Play ya kiasi kilekile. Pair Plus haimhusu mgawaji hata kidogo. Inalipa kwa karata zako mwenyewe, kuanzia jozi kwenda juu. Sasa, mikono 16,440 kati ya ile 22,100 haina hata jozi. Yaani karibu mara tatu katika kila nne hela ya Pair Plus inakwenda. Hujaongeza nafasi, umelipa kiingilio mara mbili.

Na kabla hujakaa, soma bango la malipo lililochapwa mezani. Kwa kawaida Pair Plus hulipa jozi mara 1 ya dau, mfululizo mara 6, tatu za namba moja mara 30, na mfululizo wa aina moja mara 40. Tatizo liko kwenye aina moja: meza nyingine hulipa mara 4, nyingine mara 3. Watu hudhani hiyo moja ni ya kupuuza. Piga hesabu ya mikono yote: penye 4, kasino inabaki kwa wastani na asilimia 2.32 ya kila dau. Penye 3, asilimia 7.28. Kwa dau la shilingi 10,000, hiyo ni shilingi 232 dhidi ya 728 kila mkono. Kitambaa ni kilekile cha kijani, na tabasamu la mgawaji ni lilelile.

"Mgawaji asipofikisha, unalipwa vyote." Hapana. Mgawaji anatakiwa awe na angalau malkia. Asipofika hapo, na hutokea kama mara 3 katika kila 10, Ante inalipwa lakini Play inarudi kwako kama ulivyoiweka. Binamu alipata jozi ya wafalme, mgawaji akafunua jeki, na ubishi ukaanza. "Ndivyo sheria ilivyo, kaka," yule binti mgawaji akamwambia kwa upole, akaendelea kukusanya karata.

Kuna wanaosema mwanaume hatupi karata. Kipimo kinachojulikana ni malkia, sita na nne: ukiwa na mkono huo au zaidi, ongeza Play, ukiwa chini ya hapo, tupa. Ukikifuata, kasino bado inabaki na kama asilimia 3.37 ya Ante yako. Kuhusu "meza imeiva, zamu yangu imefika", karata huchanganywa upya kila mzunguko. Mkono uliopita haukudai chochote.

Ya kwamba kasino ni za watalii wanaosubiri kupanda mlima, hiyo ni ya kijiweni tu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamzuia aliye chini ya miaka 18, Mtanzania au mgeni, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Meza ya jirani ilikuwa ya ishirini na moja (blackjack), yenye dau la pembeni liitwalo 21+3. Hilo huchukua karata zako mbili za kwanza na ile moja ya wazi ya mgawaji, na kuzisoma kama poka ya karata tatu. Wengi huamini ukishinda huku na kule umeshinda. Binamu alihamia hapo, akaweka madau yote mawili, akapewa ree ya shupaza na mfalme wa kopa: ishirini na moja papo hapo. Mgawaji alikuwa na sita ya uru. Kabla binamu hajamaliza kushangilia, mkono wa mgawaji ulikuwa umeshapita ukachukua dau la pembeni.

"Mbona nimeshinda?" akaniuliza mimi.