Je, wajua rimoti inaweza kuendesha king'amuzi kilicho chumba kingine?

Zipo nyumba Arusha zenye king'amuzi kimoja na televisheni mbili. Picha huvutwa kwa waya kutoka sebuleni hadi chumbani, lakini kubadili chaneli lazima mtu anyanyuke aende sebuleni. Kama picha inapita kwenye waya, amri ya rimoti inashindwaje?

Haishindwi, ila kinachosafiri kwenye waya si mwanga wa rimoti.

Rimoti ni taa. Kile kitaa cha mbele hutoa mwanga wa infraredi, mara nyingi wa nanomita 940 hivi, ambao macho yetu hayauoni. Kamera za simu nyingi huuona, hasa ya mbele: ielekezee rimoti, bonyeza kitufe, utaona doa jeupe au la zambarau likimetameta. Mwanga huo haupenyi tofali wala mlango wa mbao wa kabati.

Ndiyo maana chumbani huwekwa "jicho" linalougeuza kuwa umeme. Umeme huo hufuata waya hadi kwenye kisanduku kidogo kilichofichwa nyuma ya televisheni ya sebuleni, unakuzwa, kisha unagawiwa kwa vitaa vilivyobandikwa mbele ya king'amuzi, sabufa na deki. Kila kitaa huwaka upya kwa mdundo uleule, na king'amuzi hupokea amri kana kwamba umesimama mbele yake.

Mdundo huo ndio siri yote. Rimoti nyingi huwaka na kuzima kama mara 38,000 kwa sekunde, kwa vipindi virefu na vifupi vinavyobeba namba ya kifaa na ya kitufe. Kasi hiyo ina sababu: jua nalo humwaga infraredi kila mahali, lakini lake ni tulivu, halidundi, hivyo jicho hulipuuza. Hata hivyo jua likilipiga jicho moja kwa moja hulizidi nguvu. Nyumba ya Njiro yenye dirisha la magharibi, ukibandika jicho mkabala na dirisha hilo, saa kumi na moja jioni utadhani betri za rimoti zimekwisha.

Hapa pia ndipo fundi anayejaribu kujitengenezea mfumo hukwama. Anang'oa jicho kwenye televisheni mbovu, analiunga na kitaa, kitaa kinawaka vizuri kabisa kwenye kamera ya simu, na king'amuzi hakijibu. Jicho la televisheni lina saketi inayoondoa ule mdundo wa 38,000 na kubakiza ujumbe mtupu. Bila saketi nyingine ya kuurudisha, king'amuzi huona mwanga usiodunda na kuupuuza kama wa jua. Vifaa vinavyouzwa tayari kwa kazi hii hulimaliza tatizo hilo ndani kwa ndani, na kwa maoni yangu ni heri kununua.

Jicho huwa na nyaya tatu: chanya, hasi na ishara. Kitaa kina mbili tu. Ukigeuza chanya na hasi, kitaa hakiwaki, lakini jicho linaweza kuungua, kwa hiyo soma maandishi kwenye kisanduku kabla ya kuwasha adapta. Kwa umbali wa chumba hadi chumba, waya wa netiweki unatosha. Andika pembeni rangi za nyaya ulizotumia, maana ncha ya pili iko ng'ambo ya ukuta. Usiupitishe kwenye bomba moja na waya wa umeme wa volti 230. Ni hatari, na ishara nayo huchafuka.

Kubandika kitaa kunahitaji subira. Mulika tochi kwenye plastiki nyeusi ya mbele ya king'amuzi utafute kidude kidogo ndani. Hapo juu yake ndipo kitaa kikae. Kikikosea kwa sentimita chache tu, chaneli zitabadilika mara moja moja.

Jicho na kitaa vikiwa chumba kimoja, labda kwa sababu king'amuzi kimefungiwa kabatini, mwanga wa kitaa ukivuja kwenye upenyo wa mlango unaweza kurudi kwenye jicho, ukakuzwa tena, ukatumwa tena, na vifaa vyote vikaacha kusikia rimoti. Funika kitaa kwa utepe mweusi ule wa mafundi umeme, na jicho ligeuzie upande mwingine.