Boneti Iliyoinama Haitoshi Kuifanya Renault

Wiki hii nimeletewa tena picha ya gari la zamani lenye boneti inayoteremka hadi chini, bila rejeta mbele. Mwenye picha hakuuliza, alinijulisha tu: "Hiyo ni Renault, huioni boneti?" Boneti naiona. Ninachoomba watu waache ni kuishia hapo.

Renault waliweka rejeta nyuma ya injini, ndiyo maana pua ya gari ikabaki huru kuinama. Lakini Charron walifanya hivyohivyo, na Clément-Bayard pia, wote wa Ufaransa na wote wa miaka ileile. Huko Marekani, Franklin hawakuhitaji rejeta kabisa, kwa kuwa injini zao zilipozwa kwa hewa. Boneti moja, na tayari tuna majina manne.

Kwa hiyo tazama kilicho nyuma ya boneti. Kwenye Renault za kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, rejeta hutokeza kulia na kushoto kama mabega ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango mwembamba. Mabega yakikosekana, shuka kwenye springi za mbele. Ukiona upinde wa majani (vile vyuma bapa vya springi) juu na mwingine chini, vimeungana ncha kwa ncha kama yai lililolazwa, mfikirie Franklin kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kuanzia 1925 Franklin walibandika rejeta bandia mbele, kwa sababu wauzaji wao walitaka gari linalofanana na mengine. Mtu anayetegemea boneti peke yake ataipita Franklin ya 1926 bila kuitambua.

Charron na Clément-Bayard ndizo zinazoninyima usingizi. Picha ikiwa na ukungu na gari limepigwa kutoka mbele, mara nyingi naandika majina yote mawili na kuacha hapo. Wapo wanaokasirika, wanataka jina moja. Heri wakasirike kuliko niwape jina la kubahatisha, kesho linakiliwa kila mahali kama ukweli. Kinachoamua ni kifuniko cha habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa sababu jina huwa limechorwa pale. Tafadhali skani picha yenyewe. Picha ya picha iliyopigwa kwa simu huniletea doa jeupe mahali penye herufi.

Bodi msinitumie kama ushahidi. Viwanda vingi viliuza chasi (fremu ya gari) na injini tu, bodi ikatengenezwa na fundi mwingine kwa matakwa ya mnunuzi.

Rangi nayo inapotosha. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi wekundu, hivyo gari jekundu hutoka jeusi tititi. Halafu mtu ananiambia, "Ni jeusi, basi ni Ford Model T." Model T yenyewe iliuzwa kwa rangi nyingine kabla ya 1914, na tena kuanzia 1926.

Na maandishi ya nyuma ya picha? Nayaheshimu, lakini nayakagua. Ile picha maarufu ya mpiga picha Mfaransa Jacques Henri Lartigue, ya gari la mashindano lenye gurudumu lililopinda kama yai, ilijulikana kwa miaka mingi kuwa ni Delage ya 1912. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha ni Théophile Schneider, kwenye mashindano ya 1913. Gurudumu lenyewe halikupinda: mwanya wa shata, pazia la ndani ya kamera, ulipita juu ya bamba la kunasa picha polepole wakati gari likikimbia. Ndiyo maana sipimi umbo la magurudumu kwenye gari lililo mwendoni.

Turudi kwenye picha ya wiki hii. Mabega hakuna. Springi za mbele ni yai kamili. Ni Franklin ya kabla ya 1925, na mwaka wenyewe nitausogelea nikiletewa skani inayoonyesha habu.