"Naijua, nimeshaitazama YouTube": dhana potofu kuhusu intaneti na ubongo

Kazi yangu ni ushauri wa masomo kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na kwa wazazi wao. Kuna sentensi moja inayonikera kuliko zote: "Mada hiyo naijua, nimeshaitazama YouTube." Anaisema wa kidato cha tatu, anaisema wa mwaka wa pili chuoni, na nyuma yake yuko mzazi anayeshangaa mbona mwanawe anakesha na simu akisoma lakini mtihani unamkataa. Leo nataka kukaa na hiyo. Nyingine nitazipitia tu.

Mwanafunzi akiniambia hivyo, nampa karatasi tupu. Tuseme mada ni mzunguko wa damu. Simu inawekwa pembeni, naye anaeleza damu inavyotoka mguuni mpaka inaporudi mguuni. Anaanza kwa kasi: vena, moyo. Moyo upande gani? Anasita. Akifika kwenye mapafu anaandika kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni, kisha anatulia, maana mshipa unaopeleka damu mapafuni nao ni ateri, na damu yake haina oksijeni ya kutosha. Vali hazitaji kabisa. Video aliyoitazama ilieleza hayo yote, tena kwa michoro mizuri kuliko yangu. Wala hakunidanganya aliposema ameelewa. Alielewa kweli, wakati msimulizi anaeleza. Ila ubongo una kawaida ya kupima ujuzi kwa wepesi: jambo likipita bila kutusumbua, tunahisi tayari ni letu.

Mtandao huikuza hali hii. Mwaka 2015 watafiti Matthew Fisher, Mariel Goddu na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa baadhi ya watu maswali watafute majibu yake mtandaoni, kwa mfano zipu inafanyaje kazi. Baadaye waliwauliza wangeweza kueleza vizuri kiasi gani mambo mengine yasiyohusiana kabisa na waliyotafuta, kama vile kwa nini usiku wenye mawingu huwa na joto zaidi. Waliotoka kutafuta mtandaoni walijipa alama za juu kuliko wenzao ambao hawakutafuta. Hata pale utafutaji ulipokosa jibu, bado walijiona wanajua zaidi. Wazazi, hapo ndipo ninapowaomba msikilize. Mtoto aliyekesha mtandaoni anaweza kuingia kwenye mtihani akijiamini kwa moyo wote na hana kitu.

Dawa yake ina ushahidi mzuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kwa kuwa mtihani hauji dakika 5 baada ya kusoma, hesabu ya pili ndiyo inayotuhusu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Simamisha video kila inapomaliza hoja. Fudikiza simu. Andika kwa maneno yako ulichokipata, chora kama ni kitu cha kuchorwa, ndipo ufungue kuona umekosea wapi. Usiandike huku video inaendelea, hiyo ni imla, mkono unafanya kazi na kichwa kimelala. Kesho yake, kabla ya kufungua chochote, rudia kwenye karatasi nyingine. Inachosha, na wanafunzi hunilalamikia kwamba wanajisikia wajinga. Uchovu huo ndio kusoma kwenyewe. Na bando mnaokoa.

Wapo wanaonijibu: "Sasa nikariri ya nini na Google ipo?" Kwa sababu unafikiri kwa kile kilichomo kichwani wakati huo. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu vichache sana kwa mara moja, kama vinne hivi. Fundi umeme ambaye lazima aangalie simu kujua waya wa ethi ni upi hana nafasi ya kuwaza kwa nini jiko la mteja linapiga shoti. Hata kutafuta kwenyewe kunadai ujuzi, maana usiyejua lolote kuhusu jambo hujui uandike neno gani wala uamini jibu lipi. Ninakubali kwamba tunaacha mengi kwa mashine. Utafiti wa Betsy Sparrow na wenzake wa 2011 ulionyesha watu hukumbuka kidogo taarifa wanazoamini zimehifadhiwa kwenye kompyuta. Lakini wanaotangaza kwamba Google imefuta kumbukumbu za binadamu wapunguze sauti: jaribio moja la utafiti huo lilirudiwa na watafiti wengine, matokeo yakachapishwa 2018, na halikutoa jibu lile lile.

Sasa nyingine.

"Umakini wa binadamu umeshuka hadi sekunde 8, samaki anatushinda." Namba hii ilienezwa na ripoti ya Microsoft Canada ya 2015, nayo iliichukua kwenye tovuti ya takwimu. Waliofuatilia hawakukuta utafiti wowote nyuma yake. Umakini hauna urefu mmoja. Kijana anayeambiwa hawezi kutulia anatazama Simba na Yanga dakika 90 bila kupepesa. Kilichobadilika ni mazoea ya kuhamahama: vipimo vya Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, vilionyesha watu walikaa kwenye kioo (skrini) kimoja wastani wa dakika 2 na nusu mwaka 2004, na miaka ya karibuni sekunde 47 hivi. Mazoea hurekebishika.

"Naweza kusoma huku nachati." Huwezi. Unaruka kutoka kazi moja kwenda nyingine, na kila kuruka kuna gharama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2009 ulikuta waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari na mawasiliano kwa pamoja ndio waliovurugwa zaidi na vitu visivyohusika.

"Nafunga dopamini wiki hii." Dopamini ni kemikali ya ubongo, haifungwi. Bila hiyo hata mkono huinui vizuri, waulize wanaouguza mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kupungukiwa dopamini. Unachofanya ni kuiacha TikTok kwa muda, na ni jambo jema, lifanye.

"Simu imemharibu ubongo mwanangu." Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na mwaka 2019 wakaeleza kwamba matumizi ya teknolojia yalihusiana na asilimia 0.4 tu, tena kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi wao. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo ya kidijitali, lakini kwa masharti: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote, anaendelea ingawa anaumia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Kwa wadogo shirika hilo liko wazi zaidi: chini ya mwaka 1 asitazamishwe kioo cha simu wala runinga kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku.

Mzazi akinijia na malalamiko haya, kwanza namuuliza mtoto analala saa ngapi, na macho yamepimwa lini. Anayezima simu saa 7 usiku na kuamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala ana usingizi wa saa 4, na kwa usingizi huo hakuna atakachoshika darasani. Simu zote za nyumbani zichajiwe sebuleni kuanzia saa 3 usiku, za baba na mama zikiwemo. Fanyeni hivyo wiki 3 mfululizo, ndipo mniletee mtoto.