Akili mnemba ya njia ya panya ni nini?

Mfanyakazi anakili barua ya mteja, anaibandika kwenye ChatGPT kwa akaunti yake binafsi ili inyooshwe lugha, na kitengo cha TEHAMA hakina habari. Hiyo ndiyo akili mnemba ya njia ya panya. Hakuna mdukuzi wala nywila iliyoibwa. Data imetolewa na mtu mwenye ruhusa ya kuisoma, ikaenda kukaa kwenye seva ya kampuni nyingine, mara nyingi nje ya nchi.

Barani Asia mfano unaotajwa sana ni wa Samsung, Korea Kusini. Machi 2023 kitengo chake cha chipu kiliruhusu ChatGPT kazini. Kwa mujibu wa vyombo vya habari vya nchini humo, hazikupita siku 20 yakatokea matukio matatu: mmoja alibandika msimbo wa programu wenye hitilafu akitafuta dawa yake, mwingine msimbo wa kutambua mitambo mibovu, na wa tatu maandishi ya mkutano wa ndani ili apate muhtasari. Kampuni ikabana kila swali lisizidi baiti 1,024. Ni kidogo kweli, maana herufi moja ya Kikorea katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi kwenye kompyuta, hula baiti 3, lakini nywila ya hifadhidata haifiki hata baiti 30. Mei mwaka huohuo ChatGPT na zana za aina yake zikapigwa marufuku kwenye vifaa vya kampuni.

Marufuku tupu ina kasoro yake: mtu hutoa simu, akapiga picha skrini na kuendelea kwa bando lake, na hapo hata kumbukumbu ya mtandao wa ofisi haioni kitu. VPN, yaani njia ya mtandao iliyofichwa kwa usimbaji, nayo hulinda njia tu, haimlindi mtu na anayepokea. Na mpokeaji huteleza: Januari 2025 watafiti wa Wiz, kampuni ya usalama wa mtandao, walikuta hifadhidata ya DeepSeek, kampuni ya akili mnemba ya China, ikiwa wazi bila nywila, ndani yake mistari zaidi ya milioni moja ya kumbukumbu, yakiwemo mazungumzo ya watumiaji.

Kinachofanya kazi zaidi ni kuwapa watu akaunti ya ofisi ambayo mkataba wake unakataza data kutumika kufundishia modeli, na kuwazoesha kuandika "Mteja A" badala ya jina.

Ila akaunti rasmi nayo ina mtego. Msaidizi wa akili mnemba aliyeunganishwa na hifadhi ya wingu, yaani mafaili ya ofisi yaliyowekwa mtandaoni, husoma kila faili ambalo mtumiaji anaweza kulifungua. Jedwali la mishahara lililoshirikishwa ofisi nzima miaka mitano iliyopita lilikuwa salama kwa sababu moja tu: hakuna aliyejua lilipo. Sasa mtu anauliza, "Meneja mauzo analipwa shilingi ngapi?" na jibu linakuja na kiungo chake. Kwa hiyo kabla ya kumwasha, pitia viungo vya kushirikisha, ukianza na folda za utumishi na fedha. Kisha ingia kwa akaunti ya mfanyakazi wa ngazi ya chini, uulize kuhusu mishahara, mikataba na nywila. Likija jibu, rudi kwenye ruhusa za folda.