Saa ya Seva na Ukomo wa Muda

Ninaposimamia mradi wa tehama mahakamani, huanza na swali ambalo wazabuni wengi huliona dogo: shauri linahesabika limefunguliwa lini? Kwa Kanuni za Uwasilishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, nyaraka zilizotumwa kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, huhesabika zimewasilishwa siku hiyo, isipokuwa zikikataliwa au mahakama ikiwa imepanga muda mwingine. Sasa mchukue wakili wa Dar es Salaam ambaye siku ya mwisho ya ukomo wa muda, yaani muda ambao sheria inaruhusu shauri kufunguliwa, ametuma hati ya madai saa tano na nusu usiku, akapata namba ya malipo asubuhi iliyofuata na kulipa ada siku moja baadaye. Mfumo unazo tarehe tatu, na mawakili wamekwisha kubishana mbele ya majaji wetu kama inayohesabika ni ya kutuma au ya kulipa. Mtayarishaji wa programu akichagua moja kwa kuwa ndiyo rahisi kuivuta kwenye kanzidata, amekalia kiti cha jaji bila kujua.

Kwa hiyo katika mahitaji ya mfumo nadai kila tarehe ihifadhiwe kwa jina lake, isifutwe na inayofuata, na karani anayekataa nyaraka aandike sababu. Nadai pia kumbukumbu ya saa ambazo mfumo ulikuwa umelala, maana kanuni zinamruhusu aliyekwamishwa na hitilafu ya mfumo kuomba nafuu. Asipokuwa na kumbukumbu hiyo ataithibitishaje?

Kompyuta na skana hazinisumbui sana; hizo hununuliwa. Kinachonisumbua ni masijala. Katika mahakama moja jijini nilimkuta karani akiingiza shauri kwenye mfumo, kisha akiliandika upya kwenye rejista yenye jalada lililochakaa.

“Mama, mbona mara mbili?”

“Kaka, mtandao ukikatika wananchi hawaondoki dirishani. Nawapa namba za hapa. Ukirudi, mfumo nao unazitoa namba zilezile kwa watu wengine.”

Majalada mawili ya mashauri, namba moja, na hati ya makabidhiano ya mfumo ilikuwa imeshasainiwa. Tulichofanya ni kutenga mfululizo wa namba za kutumiwa wakati wa dharura tu, ambazo mfumo hauzigusi.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchini, wenye mashaka walielewa kwa nini siku ya majaribio huwa naomba waya wa mtandao uchomolewe huku makarani wakiendelea kupokea mashauri. Mzabuni mmoja aliniuliza sharti hilo liko kifungu cha ngapi cha mkataba. Halikuwamo; katika mkataba uliofuata tuliliweka kuwa sharti la malipo ya awamu ya mwisho.