Mtungi wa Newala nao ni kumbukumbu ya tiba

Mwaka 1956 mtafiti Raymond Russell alipanda ngazi hadi darini mwa kanisa moja la zamani jijini London akakuta chumba cha upasuaji kilichosahaulika. Kilijengwa mwaka 1822 kwa wagonjwa wanawake wa hospitali ya St Thomas iliyopakana na kanisa hilo, kikafungwa mwaka 1862 hospitali ilipohama. Leo ni makumbusho. Mgeni anaikuta meza ya mbao na, chini yake, sanduku la vumbi la mbao la kufyonza damu. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani mwaka 1846 kule Boston, kwa hiyo wanawake wa miaka ya mwanzo walipasuliwa wakiwa macho. Ukiitazama meza ile, hiyo huhitaji kuelezwa mara mbili.

Sisi wa Mtwara na Lindi tuna historia nzito ya tiba pia, ila imelala stoo. Kazi yangu ya uhifadhi imenipitisha kwenye stoo za hospitali kongwe, na ninachokiona kinaniuma: mabomba ya sindano ya kioo yaliyokuwa yakichemshwa na kutumika tena, rejesta zilizoliwa na mchwa, vitanda vya chuma vikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu.

Chukua Lulindi, wilayani Masasi. Mwaka 1935 alifika hapo Dkt. Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hapo hapo Lulindi alifanya kazi Dkt. Marion Robinson, aliyeandika habari za homa iliyozuka mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za juu za Makonde, Newala ikiwemo. Wagonjwa walishikwa na homa ya ghafla na viungo vikauma hadi mtu akajikunja. Wenyeji wakaiita kwa Kimakonde chikungunya, kwa maana ya kile kinachomkunja mtu. Ripoti zilichapishwa mwaka 1955, na jina hilo sasa linatumika dunia nzima. Wangapi Newala wanajua kwamba limetoka kwao?

Ndiyo maana, ningepewa chumba kimoja tu cha maonyesho, ningeanza na mtungi. Juu kule maji yalikuwa ya shida, watu waliteremka mabondeni kuyateka, na yaliyopatikana yakawekwa ndani siku nyingi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa hiyo, hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi, kisha maji yakiongezwa yanaanguliwa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi; chombo kisuguliwe ndani, kifunikwe. Pipa la plastiki la leo halina tofauti na mtungi ule.

Wanaosafisha stoo za hospitali, nawaomba: rejesta zisichomwe, ila zisipigwe picha na kusambazwa, kwa kuwa zina siri za wagonjwa. Chupa za dawa za zamani zisifunguliwe. Kipimajoto cha zebaki kisivunjwe wala kupewa mtoto achezee. Kila kifaa kiandikiwe kilikotoka kabla hakijasogezwa.

Nanyi wa nyumbani, waliougua homa ile wakiwa watoto sasa wamepita miaka 70. Kaeni nao, washeni simu irekodi, waulizeni maji yalitekwa wapi na mtungi ulifunikwa kwa kitu gani.